Ujira wa Mfanya Kazi ni Amana

Zamani za ukoloni watu wengi wa Songea walikwenda Tanga kukata mkonge. Waliitwa manamba, kwa kuwa walitambuliwa kwa namba. Mkonge ulipelekwa Ulaya kusokotwa kamba, na mnunuzi wa kamba hakumjua aliyeukata.

Leo kahawa ya jirani zetu wa Mbinga husafiri vivyo hivyo: kutoka kwa mchumaji hadi chama cha ushirika, mnadani, melini, hata kikombeni ng'ambo. Mikono ni mingi, na kila mmoja aweza kusema, “Si mimi niliyemdhulumu.”

Dini zetu hazikubali udhuru huo. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifundisha kwamba mfanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, waonya kwamba ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Mwaka 1891 Papa Leo XIII naye aliandika kutetea ujira wa haki.

Sheria ya nchi huishia mpakani. Dhamiri huvuka pamoja na gunia. Basi tuanzie kwetu: kibarua aliyetupalilia shamba asiambiwe “njoo kesho,” hata kama fedha iliyopo ni nauli yangu ya kurudi shuleni.