SOMO LA AFYA: JUA NA NGOZI YA MFANYAKAZI



Mvuvi wa Maparoni na mkulima wa mpunga hushinda juani. Madhara ya jua hujilimbikiza mwaka hadi mwaka: ngozi hukunjamana, huota mabaka, na pengine hupata saratani. Maji nayo hurudisha mwanga usoni, wala wingu halizuii mionzi yote.

Weusi wa ngozi ni kinga, ingawa si kamili. Ndugu zetu wenye ualbino wamepungukiwa na kinga hiyo. Saratani ya ngozi huweza kuwapata wangali vijana.

Basi tuzingatie haya:

1. Mvuvi hufuata maji. Lakini kazi isiyongoja maji ifanywe kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni.

2. Tuvae mikono mirefu na kofia pana.

3. Mwenye ualbino apake mafuta ya kukinga jua. Hutengenezwa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi.

4. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kionyeshwe zahanati.

Ndugu Katibu, mwanachama mwenye ualbino apangiwe kazi ya kivulini, kama kupima na kuandika mazao, bila kupunguziwa haki yake. Ushirika ni kutunzana.