Usihesabu Miaka ya Mama Peke Yake

Leo namjibu binti mmoja ambaye mama yake, mwenye miaka 71, amekutwa na saratani kali ya damu, ile inayoanzia kwenye uboho. Kaka mkubwa anasema, "Kwa umri huo tumpumzishe tu." Binti ananiuliza: "Dada, mama amebakiwa na muda gani?"

Pole sana, mdogo wangu. Sikufichi, ugonjwa huu ni mkali, na huwashinda wazee upesi kuliko vijana. Ila umri peke yake haumpi daktari jibu. Kwanza anaangalia ugonjwa wenyewe: kipimo cha uboho huonyesha hitilafu za jeni, na anayekutwa na hitilafu kwenye ile iitwayo TP53 huwa na kazi ngumu zaidi. Pili, maradhi mengine kama moyo, figo na kisukari. Tatu, nguvu za mwili na akili.

Hilo la tatu lina uzito kuliko tunavyodhani. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa wa saratani hii wa miaka 60 na zaidi waliopimwa kabla ya kuanza tiba kali: wasimame bila kuyumba, watembee mita chache, wainuke kitini mara 5 mikono ikiwa kifuani. Kati ya waliofanya vibaya, nusu walifariki ndani ya miezi 6 hivi. Waliofanya vizuri, nusu yao walivuka miezi 16.

Kwa hiyo ukifika kliniki usiishie kusema "mama ni mzee". Eleza kwamba kabla ya kuugua alikuwa akienda sokoni mwenyewe na kukumbuka vidonge vyake vya presha. Kama alishaanza kusahau au kuanguka, sema pia. Usimpambe mama kwa daktari.

Sasa lile swali lako la muda. Utafiti wa mwaka 2020 uliwahusu wagonjwa wasioweza kuhimili tiba kali. Waliopewa dawa iitwayo azasitidini pamoja na nyingine, venetoklaksi, nusu yao walifikisha karibu miezi 15. Kwa azasitidini pekee ilikuwa karibu miezi 10. Maana yake nusu nyingine hawakufika hapo, na wapo waliopita mbali. Ni hesabu ya kundi, haimtaji mama yako. Muulize daktari: dawa hizo zinapatikana hapa? Bima inalipa? Ataongezewa damu mara ngapi? Tukianza, tutajua lini kama zinamsaidia?

Na tiba shufaa, ya kutuliza maumivu na kumpa nafuu, iombeni mapema. Inakwenda sambamba na dawa, haingoji zishindwe.

Kuhusu kaka, usigombane naye. Muulize tu kwa upole: mama mwenyewe anasemaje? Wapo wazee wanaotaka kupambana mpaka mwisho, na wapo wanaotaka kulala kitandani kwao, wajukuu wakiwa karibu. Mkae na mama kabla ya kikao cha ndugu, ili kikao kijadili alilolitaka yeye.