Kibarua cha likizo kwa kijana anayehangaika kusoma

SWALI: Mwanangu ana miaka 16. Kusoma kunamsumbua sana, na namba anazichanganya. Anataka kibarua likizo hii. Nimruhusu? – Mama, Morogoro

JIBU: Mruhusu, mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakubali kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isidhuru afya wala masomo. Migodini na viwandani, hapana.

Mtafutie kazi ya mikono: kitalu cha miche, banda la kuku, kwa fundi baiskeli. Duka lenye wateja wengi na chenji za harakaharaka lisubiri kwanza.

Nendeni wote wawili kwa mwenye kazi, na umwache kijana ajieleze. Mwombeni amwonyeshe hatua moja, aifanye, ndipo ije ya pili. Maagizo marefu amrekodie kwenye simu. Kitalini, mfuko wa mbegu za nyanya ukifungwa utepe mwekundu na wa mchicha utepe wa kijani, hahitaji kusoma kibandiko.

Malipo yajulikane mapema, apewe mkononi mwake (si mwako!), maana vijana kama yeye wakati mwingine huishia kulipwa soda na maandazi. Aanze asubuhi tu, siku mbili kwa wiki.