Kliniki Haiishi na Sindano ya Miezi Tisa

Kijitabu cha nyumba za Kitui na Makueni zenye mtoto wa chini ya miaka 5

Asubuhi moja ya Novemba, kwenye benchi la zahanati moja huko Kitui, susu mmoja alikuwa amempakata mjukuu wake wa mwaka mmoja na miezi minne. Mama ya mtoto yuko Nairobi kikazi. Mtoto alikuwa anakohoa, na kikohozi ndicho kilichowaleta. Nesi alipokea kitabu cha kliniki, akafungua ukurasa wa uzani, akautazama kwa muda.

“Susu, mtoto huyu alipimwa lini mara ya mwisho?”

“Alipodungwa ile ya miezi tisa. Si ndiyo ya mwisho?”

Susu huyo hakuwa mzembe. Kitabu kilikuwa kimefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, chanjo zote za mwanzo zimejazwa, hakuna hata moja iliyochelewa. Ila tangu siku ile ya miezi tisa, kwa miezi saba, mtoto hakuwahi kupandishwa kwenye mizani. Kwenye mchoro wa kukua, nukta zilipanda vizuri, halafu ukurasa ukabaki mweupe.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu ya ukurasa huo mweupe. Uko ndani ya vitabu vingi mno vya Ukambani.

Tumezoea kuhesabu kliniki kwa sindano

Mtoto akizaliwa hupewa BCG ya kukinga kifua kikuu, na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupewa polio tena, chanjo moja inayokinga magonjwa matano (dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na maambukizi ya bakteria ya Hib), chanjo ya nimonia, na ile ya kuhara kunakoletwa na rotavirusi. Chanjo ya nimonia iliingia Kenya mwaka 2011 na ya rotavirusi 2014, kwa hiyo susu wengi wanaolea wajukuu leo hawakuzipata kwa watoto wao wenyewe. Miezi 9 ni surua na rubela. Kama kuna chanjo nyingine iliyoongezwa karibuni, nesi atakwambia.

Baada ya hapo sindano zinatulia. Ya pili ya surua na rubela huja miezi 18, na kinga haikamiliki bila hiyo. Katikati pana miezi tisa mizima ambayo mzazi haitwi na sindano, basi anakaa nyumbani. Safari ni ndefu, nauli ya bodaboda ni pesa, shamba linangoja palizi. Inaeleweka. Lakini ndio wakati mtoto anapozidi kutegemea chakula pamoja na maziwa ya mama, anapoanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, anapoharisha mara kwa mara, anapotamka neno lake la kwanza. Mtoto akidumaa, mara nyingi hudumaa katika kipindi hicho, na anapofika darasa la kwanza si rahisi kumrudishia urefu aliokosa.

Kwa hiyo kliniki ni kila mwezi kwa uzani, na inaendelea mpaka afikishe miaka 5. Kuanzia miezi 6, matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6. Kuanzia mwaka mmoja, dawa ya minyoo, nayo kila baada ya miezi 6. Ukisahau mwezi, kumbuka Mei na Novemba: hiyo ndiyo miezi yenye wiki za Malezi Bora, zilizoanza nchini mwaka 2007, ambapo vituo vya afya na wahudumu wa kijijini hutoa vitamini A na dawa ya minyoo kwa wingi.

Kuusoma mstari

Huhitaji kuwa daktari ili kuusoma ule mchoro. Mwambie nesi akuonyeshe nukta ya leo na ya mwezi uliopita, kisha utazame mstari unaoziunganisha. Ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, yaani uzani haujaongezeka tangu mwezi jana, uliza sababu papo hapo kabla hujaondoka. Ukishuka, usikubali kuambiwa tu “mlishe vizuri”. Uliza alishwe nini, mara ngapi, na urudi lini.

Kuna pia utepe wa kupima mkono, unaotumika kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Unazungushwa kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Kijani ni sentimita 12.5 kwenda juu: yuko sawa. Manjano ni kati ya 11.5 na 12.5: ameanza kupungukiwa. Nyekundu ni chini ya 11.5, na huyo anahitaji matibabu siku hiyo hiyo. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa nchini kote kuanzia Septemba 2023 wanao utepe huu. Mhudumu akipita kwako, usimwache aende kabla hajaupima mkono wa mtoto, hata kama alikuja kwa ajili ya presha ya baba mkwe.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Kitui walio chini ya miaka 5, 46 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Wastani wa nchi ulikuwa 26. West Pokot peke yake ndiyo iliyokuwa sawa na Kitui kwa ubaya huo. Mwaka 2022 wastani wa Kenya ulikuwa umeshuka hadi 18, na hilo linatuonyesha kwamba kudumaa si majaliwa. Hata hivyo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika maeneo makavu, na kila nyumba ya hapa inakumbuka ghala lilivyokuwa. Mtoto aliyezaliwa katika miaka hiyo anastahili kutazamwa kwa jicho la karibu zaidi.

Chakula kipo kwenye sufuria yako, tatizo ni kukifikisha kwake

Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Maji hapana, hata kwenye joto la Kibwezi; maziwa ya mama yana maji ya kumtosha.

Akishatimiza miezi 6, maziwa yanaendelea na chakula kinaingia. Hapa ndipo tunapokosea bila kujua. Familia imepika isyo au muthokoi. Mtoto wa miezi minane hawezi kutafuna punje ya mahindi, basi anapewa mchuzi. Mchuzi ni maji na chumvi. Nguvu imebaki kwenye maharagwe na kunde zilizo chini ya sahani ya baba.

Fanya hivi. Kabla hujaongeza chumvi, chota maharagwe au ndengu zilizoiva vizuri, ziponde kwa kijiko au mwiko mpaka zilainike, ongeza mchuzi kidogo tu, tone la mafuta, na mboga iliyokatwa ndogondogo: majani ya kunde, mchicha, au boga. Kama kuku ametaga, ponda na yai. Chakula kiwe kizito. Ukiinamisha kijiko, kisitiririke. Uji nao vivyo hivyo. Uji mwepesi hujaza tumbo dogo kabla mtoto hajapata kitu. Uwe mzito, wa wimbi, mtama au mawele, ukiwa na maziwa au karanga zilizosagwa laini.

Anza na vijiko viwili vitatu. Kufikia miezi 8 awe anakula nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara tatu au nne. Akishatimiza mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati: embe msimu wake ukifika, papai, ndizi. Awe na sahani yake. Mtoto akila sinia moja na wakubwa, hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Chai ni jambo linalotuuma. Watoto wadogo wanapewa chai asubuhi na mkate mkavu, au strungi baada ya kula. Majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye kunde na mboga, kwa hiyo kikombe kile kinabatilisha sehemu ya kazi yote ya jikoni. Kama kuna maziwa ya kutia kwenye chai, mpe hayo maziwa.

Kuongea naye ni sehemu ya matunzo

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya mtoto mdogo wenye nguzo tano: afya, lishe, usalama, mlezi anayeitikia, na nafasi ya kujifunza mapema. Mbili za mwisho ndizo zinazosahaulika kliniki, labda kwa sababu hazipimwi kwa mizani. Ubongo wa mtoto wa miaka miwili umeshafikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Haujengwi na uji peke yake.

Mtoto akitoa sauti, mjibu, halafu ngoja. Atatoa nyingine. Hayo ni mazungumzo. Unapomwogesha, taja mguu, taja maji. Unapopepeta ndengu, mwache aone na asikie. Tumia lugha ya nyumbani. Kikamba kinamtosha kabisa, na Kiswahili kitakuja. Simu ya kumtuliza haimwitikii, kwa hiyo haichukui nafasi yako.

Chukua chupa ndogo ya plastiki iliyooshwa, tia ndengu kidogo ndani, funga kifuniko kwa nguvu na ujaribu kukifungua mwenyewe ili uhakikishe hatakiweza, maana punje moja inaweza kumkaba. Itikise upande wa kushoto wa kichwa chake, halafu kulia. Akigeuka kutafuta sauti, ni dalili nzuri kwamba anasikia. Asipogeuka mara kadhaa, siku tofauti, mwambie nesi.

Kitabu cha kliniki kina ukurasa wa hatua za kukua, na huo mara nyingi haujazwi kabisa. Watoto wengi hukaa wenyewe kati ya miezi 5 na 9, husimama kati ya 7 na 13, hutembea kati ya 12 na 18, na maneno huanza kati ya 9 na 24. Nafasi ni pana makusudi, usimlinganishe na wa jirani. Lakini akipita mwisho wa nafasi hiyo, au akiacha jambo aliloliweza jana, huo si uvivu wala hakurogwa. Apelekwe mapema, kwa sababu mazoezi yanayoanza mapema humsaidia zaidi.

Na wewe mama, kama tangu ujifungue huna usingizi, unalia bila sababu au humtaki mtoto, sema kliniki. Ni ugonjwa, una tiba, na hakuna anayestahili kukukemea kwa hilo.

Zahanati ni yenu

Tangu Juni 2013 zahanati na vituo vya afya vya serikali havitozi ada, na chanjo hazilipiwi. Kila kituo kina kamati inayojumuisha wananchi. Mizani ikiharibika, chanjo zikiisha, mtu akiwafokea akina mama kwenye foleni, kamati ndiyo ya kuambiwa kwanza. Makueni mna nafasi zaidi, kwa kuwa mikutano ya wananchi ya kupanga bajeti ya kaunti huanzia vijijini. Watu huomba barabara na visima, na ni haki. Ombeni pia kivuli cha kungojea, mizani ya watoto, na kona ya kuchezea. Kule Siaya, kaunti na shirika la PATH waliingiza michezo ya watoto kwenye sehemu za kungojea kliniki, na vifaa vyake havikuwa vya kutisha: mkeka, makopo, vitambaa, na mhudumu wa kuwaonyesha wazazi. Saa mbili za benchi zinakuwa somo.

Baba, foleni hiyo si ya wanawake. Ukimshika mtoto wakati wa kudungwa, utasikia mwenyewe maelezo yatakayohitaji pesa yako.

Usingoje kesho

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa. Anayetapika kila kitu. Aliyeshikwa na degedege. Aliyelegea au asiyeamka vizuri. Yeyote kati ya hao aende sasa, hata usiku.

Akikohoa, hesabu pumzi. Mfungue nguo akiwa ametulia, tazama kifua kikipanda, na uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, usipoteze muda wa kuhesabu.

Akiharisha, mpe maji ya pakiti ya ORS na umnyonyeshe zaidi, na uombe zinki, ambayo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma mapema.

Mjukuu wa yule susu alihesabiwa pumzi 36. Haikuwa nimonia. Alipimwa uzani, akapewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo aliyopaswa kupata alipotimiza mwaka mmoja, na nesi akaandika tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili, kwa kuwa nukta mpya ilikuwa chini kuliko alivyotarajia. Susu aliitazama nukta hiyo, kisha akamwomba kijana aliyekaa jirani yake aupige picha ukurasa kwa simu, autume Nairobi.