Kilosa, Mikumi na Mkataba wa Msovero: Maswali ya Wananchi

Je, ni kweli Chifu Mangungu aliuza nchi?

Hapana. Mangungu alikuwa mtawala wa Msovero huko Usagara, leo kata ya Msowero, unayoipita ukitoka Dumila kwenda Kilosa mjini. Tarehe 29 Novemba 1884 alitia alama kwenye hati aliyoletewa na Mjerumani Carl Peters. Hati ilisema eti ametoa ardhi yake na haki zote juu yake, milele. Iliandikwa kwa Kijerumani. Peters mwenyewe alieleza baadaye jinsi mikataba yake ilivyofungwa: kileo kwanza, zawadi, kuchanjiana udugu, kisha bendera kupandishwa na bunduki kupigwa hewani. Kwa mwenyeji, hapo amepata ndugu. Siku hizi kiongozi akisaini mkataba mbovu wa madini, watu humwita Mangungu. Tunamwonea marehemu: huyu wa leo anao wanasheria, na hati anaisoma.

Karatasi ya kijijini ilipataje nguvu Ulaya?

Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Peters juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Sultani Barghash wa Zanzibar alipinga. Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakamwachia, upande wa bara, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Na Peters? Mwaka 1897 serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro.

Wapelelezi wa Kizungu ndio waliofungua njia?

Waliikuta. Burton na Speke walipita Usagara mwaka 1857, wakifuata njia ya misafara iliyokwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani. Stanley, akimtafuta Livingstone mwaka 1871, aliingia mbuga ya Mkata wakati wa masika, akaona cha moto kwenye tope.

Utawala ulibadilika lini?

Waingereza waliingia Kilosa Agosti 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Jina Tanganyika lilianza rasmi mwaka 1920, na mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa likaikabidhi Uingereza udhamini. Uhuru ni tarehe 9 Desemba 1961, Jamhuri mwaka mmoja baadaye, Muungano na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964.

Na Hifadhi ya Mikumi, aliianzisha Mjerumani?

Wapo wanaosema hivyo, nao wanakosea. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, yenye kilomita za mraba 3,230, ilitangazwa mwaka 1964, nchi ikiwa tayari mikononi mwa wananchi wenyewe.