Zimwi la Hadithini na Jirani wa Mlangoni

Mwezi huu twajifunza jambo lijulikanalo na wote, lakini lisilofikiriwa sana: viumbe vya kutisha vya hadithi zetu. Je, wasikilizaji huvitazamaje? Na je, ni vema kuvisimulia?

1. Zimwi lina mahali pake. Mtoto wa Mbingu, chini ya milima ya Udzungwa, awajua simba, mamba na viboko wa bonde la Kilombero. Hao huacha nyayo, nao huogopwa mchana na usiku. Bali zimwi huingia kwa kinywa cha msimulizi. Asema, "Paukwa," nasi twaitika, "Pakawa". Ndipo litokapo kula watu. Hadithi ikiisha, nalo limekwisha. Mtoto huogopa huku akicheka, ameshika nguo ya bibi yake. Hivyo ajifunza hofu pasipo kudhurika.

2. Zimwi lafundisha. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Unguja, alitoa huko London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Humo mna habari za nunda, mla watu. Naye hakutoka kuzimu. Alikuwa paka wa sultani. Alikula ndama, sultani akanyamaza, kwa kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi na ng'ombe, kisha watu, hata akawala wana wa sultani mwenyewe. Basi mwana mdogo akatoka kumwinda. Kila alipoua mnyama, mama yake alimwambia kwamba huyo siye. Kijana hakukasirika, akarudi mwituni mpaka akampata nunda mwenyewe. Angalieni mambo mawili: uovu uliovumiliwa nyumbani ndio uliokua; na aliyemtafuta mwovu alikubali kuambiwa, "Siye."

3. Zimwi likitolewa hadithini, laua. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilijaa hofu ya Popobawa, aliyesemwa kuwa huwaonea watu usingizini. Wengi walilala nje, wamekusanyika penye moto. Mjini Unguja mgonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye, akapigwa na watu hata akafa. Hapakuwa na mama wa kusema, "Siye." Vivyo hivyo katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa ajili ya macho mekundu tu, na kumbe macho hayo huwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Hata wanafunzi, kama tusomavyo katika Mathayo 14, walipiga yowe ziwani kwa kumwogopa yeye aliyekuja kuwasaidia.

Basi hatuwaambii wazee waache hadithi. Wasimulie, na watoto waitikie. Lakini mtu akija kwenu akimpa jirani jina la zimwi, mwulizeni ameona nini kwa macho yake mwenyewe. Tena usiku ule msimwache mshtakiwa peke yake. Mmoja wenu akalale kwake.

Maswali ya kufikiri pamoja:

Kwa nini sultani hakumwadhibu paka alipokula ndama wa kwanza?

Katika kijiji chenu, ni nani awezaye kusema "Siye" watu wakasikia?

Ni kikongwe gani asiyetembelewa, nanyi mtamwendea lini?