Nanasi la Ndoo: Piga Hesabu Kabla Hujapanda

Wengi wetu hapa Texas tunanunua nanasi supamaketi, tunakula, na lile taji la majani tunalitupa. Safari hii usilitupe. Linaota vizuri tu. Kule Kiwangwa, Bagamoyo, mkulima atakuambia bora maotea ya pembeni, maana taji linachelewa kuzaa. Huku maotea utayapata wapi? Tunaanza na taji.

Na hapo ndipo penye kazi. Kutoka taji hadi tunda ni kama miezi 18 mpaka 30, na masters ni miaka miwili. Ukipanda Agosti ukiwa mgeni halafu ukaacha mambo yajiendee, utahama mmea ukiwa majani matupu.

Zungusha taji kwa mkono litoke, ondoa nyama yote iliyobaki (ndiyo inayooza), pukuchua majani machache ya chini, liache likauke siku 3 hadi 5. Panda kwenye ndoo ya galoni 5 iliyotobolewa chini. Walio Dallas na Fort Worth msichote udongo wa uani: ule mweusi wa mfinyanzi una chokaa, na nanasi linataka udongo wenye uchachu. Majani yatakuwa manjano kwa kukosa madini ya chuma. Nunua wa mfuko. Maji yasikutie presha. Nanasi hufungua vitundu vya majani usiku na kuvifunga jua likiwaka, kwa hiyo wiki ya mitihani ukilisahau halifi.

Linalouawa na baridi ni hilo hilo. Februari 16, 2021 Dallas–Fort Worth ilifika nyuzi -19 za Selsiasi, na Houston kwenye -10, wakati nanasi huumia hata kwenye sifuri. Ndiyo maana nasema ndoo, siyo ardhini. Houston unaiingiza ndani zile siku chache za baridi kali. Dallas ikae ndani Novemba hadi Machi, dirisha la kusini.

Sasa maua. Mmea ukiwa na majani 25 hivi, weka vipande vya tufaha lililoiva juu ya udongo, funika mmea wote kwa mfuko wa plastiki, kivulini, siku 4 au 5. Tufaha hutoa gesi ya ethilini inayouamsha mmea uchanue. Mashamba makubwa hutumia dawa yenye kazi hiyo hiyo. Ua hutokea baada ya miezi kama miwili, na tunda huchukua mingine sita hivi.

Anayemaliza Mei afunike Septemba ya mwaka wa pili, akubali tunda dogo na linalochelewa kwa ajili ya baridi. Wa digrii ya kwanza na wa PhD, msiwe na haraka: funikeni Aprili, tunda likue na joto la kiangazi. Mimi napendelea hiyo, utamu wake ni mwingine kabisa.

Ukishavuna using'oe. Maotea yatatoka pembeni, na hayo huzaa mapema kuliko taji. Moja mpe mgeni wa Agosti.